Kutoka Hatua 70 kwa 70 Hadi Koodineti: Historia ya Namba Tunazoingiza Kwenye Programu za Ramani

Kazi ya kupima mashamba imehamia kwenye simu na kompyuta. Kikundi cha umwagiliaji kinataka mchoro wa mfereji, kijiji kinaandaa mpango wa matumizi ya ardhi, mkulima anataka kujua ukubwa halisi wa shamba kabla ya kununua mbegu na mbolea. Kazi hizi zote zinaanza kwa kuingiza vipimo na koodineti (majira ya nukta) kwenye programu kama AutoCAD au QGIS.

Kabla hujachora hata mstari mmoja, programu inakuuliza maswali. Unatumia mita au futi? Datumu ipi? Kanda namba ngapi? Pembe zihesabiwe kuanzia wapi? Wengi wetu hubonyeza "sawa" na kuendelea. Hapo ndipo shamba la mtu huhama kilomita kadhaa, au mpaka wake ukaangukia kwa jirani, na kompyuta isitoe onyo lolote.

Maswali hayo hayakuwekwa ili kutusumbua. Kila moja limeachwa na historia: watu fulani, mahali fulani, waliamua kupima ardhi kwa namna yao, na karatasi walizoziandika bado zipo kwenye majalada ya halmashauri na masanduku ya familia. Ukiijua historia hiyo, utajua jibu la kuipa programu. Tuipitie hatua kwa hatua.

1. Ekari ilitoka wapi, na kwa nini ni "70 kwa 70"?

Mwaka 1620 hivi, Mwingereza Edmund Gunter alibuni mnyororo wa kupimia ardhi. Ulikuwa na urefu wa futi 66, umegawanywa katika pingili 100. Gunter alichagua urefu huo kwa hesabu nzuri: minyororo 80 ni maili moja, na eneo la mraba wa mnyororo mmoja likizidishwa mara 10 ni ekari moja. Mpimaji aliweza kupata ekari kwa kusogeza nukta tu, bila hesabu ndefu. Kwa mita, mnyororo huo ni mita 20.1168, na ekari ni mita za mraba 4,047 kwa kukadiria.

Kipimo hiki kilienea popote Waingereza walipotawala. Huku kwetu kilikutana na kipimo kingine. Wajerumani, waliotangulia kuitawala Tanganyika, walitumia mita na hekta. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Waingereza wakaleta futi, yadi na ekari. Baada ya Uhuru nchi ikarudi kwenye mita. Kwa hiyo shamba kubwa lililoanzishwa kabla ya 1914 laweza kuwa na karatasi za mita, halafu za futi, halafu tena za mita, zote zikizungumzia ardhi ileile.

Vijijini hatukuwa na mnyororo wa Gunter. Tulikuwa na miguu. Ndiyo maana mpaka leo ukimuuliza mkulima ekari ni nini atakujibu: hatua 70 kwa 70. Jibu hilo ni zuri kuliko watu wanavyodhani. Hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia yadi moja, yaani sentimita 91. Yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari kamili ni yadi za mraba 4,840. Tofauti ni ndogo sana.

Tatizo lilianza pale utepe wa mita ulipoingia na namba 70 ikabaki. Sasa wengi wanasema "ekari ni mita 70 kwa 70". Hiyo ni mita za mraba 4,900, sawa na ekari 1.21. Angalia madhara yake. Mtu akiuza "ekari 10" zilizopimwa hivyo, anatoa mita za mraba 49,000 wakati ekari 10 ni kama 40,470. Amegawa zaidi ya ekari 2 bure. Na mkulima aliyeshauriwa mfuko mmoja wa mbolea kwa ekari, akiumwaga kwenye mita 70 kwa 70, mazao yake yanapata pungufu ya kiwango, halafu lawama inaiangukia mbolea. Ukitaka ekari ya mraba kwa utepe wa mita, pima mita 63.6 kila upande.

Lipo na neno "heka". Wengine wakilisema wana maana ya ekari, wengine hekta. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, karibu ekari 2.47. Hati ikiandika "2.0 ha" na mwenye shamba akasoma "heka mbili" kwa maana ya ekari, amejipunguzia zaidi ya nusu ya mali yake kwa kusoma tu. Programu nyingi hutoa jibu la eneo kwa mita za mraba au hekta. Usiandike "heka" kwenye ripoti. Andika hekta au ekari, herufi zote.

2. Futi si futi moja

Ukifungua orodha ya vipimo kwenye programu utakuta futi zaidi ya moja. Hii nayo ni historia. Zamani kila nchi ilikuwa na chuma chake cha mfano, na futi zao zilitofautiana kidogo. Mwaka 1959 nchi zinazotumia Kiingereza zilikubaliana kuwa yadi ni mita 0.9144 kamili, na hivyo futi ni mita 0.3048 kamili. Wapimaji wa Marekani waliendelea na futi yao ya zamani kwa sababu ramani zao nyingi zilikuwa zimeshachorwa nayo. Futi hiyo iliondolewa rasmi mwishoni mwa 2022, lakini kwenye programu bado ipo.

Tofauti yake ni sehemu mbili tu katika milioni. Kwenye mpaka wa mita 100 huwezi kuiona: ni milimita 0.2. Lakini koodineti zetu huanza kuhesabiwa mbali sana. Namba kama 9,300,000 ikibadilishwa kwa futi isiyo yake, kosa linafika karibu mita 19. Kwa hiyo ukipokea faili kutoka kwa mtu, muulize: ni mita? Kama ni futi, futi ipi?

3. Mlolongo wa vilima kutoka Rasi hadi Cairo

Sasa tufike kwenye swali linaloleta migogoro mingi zaidi: datumu.

Mwaka 1879 mnajimu David Gill alifika Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, kuongoza kituo cha kuangalia nyota. Alikuwa na wazo kubwa: kupima mlolongo wa pembetatu kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, kufuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Longitudo hiyo inapita magharibi mwa Tanzania, Burundi, Rwanda na magharibi mwa Uganda.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Unapima mstari mmoja ardhini kwa uangalifu mkubwa. Kisha unapanda vilima, unaelekeza theodolaiti kwenye alama za vilima vingine, na unapima pembe. Ukijua upande mmoja wa pembetatu na pembe zake, unapata pande nyingine kwa hesabu. Upande huo unakuwa msingi wa pembetatu inayofuata, kilima kwa kilima. Hapa Tanganyika, sehemu hiyo ilipimwa kati ya 1931 na 1933 chini ya Martin Hotine, mwanajeshi mpimaji wa Kiingereza. Pengo la mwisho, nchini Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Kutoka wazo hadi mwisho ni zaidi ya miaka 70.

Kutokana na kazi hiyo tukapata datumu inayoitwa Arc 1960, ambayo ramani nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda zimejengwa juu yake. Neno "Arc" ni ule mlolongo wa Gill. Datumu ni makubaliano ya mambo mawili: dunia ina umbo gani, na tunaanza kuhesabu kutoka wapi. Arc 1960 inatumia umbo la dunia lililokokotolewa na Alexander Ross Clarke mwaka 1880, likapachikwa ili likae vizuri na vipimo vya Afrika.

Wapimaji hao hawakuwa na njia ya kuona katikati ya dunia. Walikuwa na nyota, timazi na vilima. Umbo lao linaikaa Afrika vizuri, lakini kitovu chake kiko karibu mita 340 kutoka kitovu cha dunia kinachotumiwa na setilaiti. Hilo si kosa lao. Vipimo vyao vya umbali kati ya kilima na kilima vilikuwa bora sana. Tofauti inaonekana pale tu tunapochanganya karatasi zao na simu zetu.

4. Setilaiti zinaleta datumu nyingine

Setilaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa mwaka 1978, na mfumo wote ukakamilika mwaka 1995. Ulikuwa mfumo wa jeshi la Marekani, na kwa miaka mingi raia walipewa ishara iliyovurugwa makusudi, ikikosea hadi mita 100. Uvurugaji huo ulizimwa Mei 2000. Ndipo kifaa cha mkononi kikawa na maana kwa kazi ya shamba.

GPS inatumia datumu ya WGS84, ambayo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Hapa ndipo mambo mawili yanapokutana. Ukichukua koodineti za Arc 1960 kutoka ramani ya zamani ukaziingiza kwenye programu iliyowekwa WGS84, mchoro wako utatokea karibu mita 300 kaskazini na karibu mita 90 magharibi mwa mahali pake. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64. Mita 300 ni mashamba manne au matano ya jirani.

Siku hizi Tanzania pia ina mfumo mpya wa rejea wa taifa uitwao TAREF11, uliojengwa kwa vipimo vya setilaiti. Kwa hiyo jalada moja la kijiji laweza kuwa na ramani ya Arc 1960, koodineti za simu za WGS84, na upimaji wa karibuni wa TAREF11. Kila moja ni sahihi kwa mfumo wake. Kosa ni kuzichanganya bila kuzibadilisha.

Hapa kuna mtego ambao watumiaji wa QGIS wanauangukia sana. Kubadilisha jina la mfumo wa tabaka hakubadilishi koodineti. Ni sawa na kufuta neno "futi" kwenye karatasi na kuandika "mita" huku namba zimebaki zilezile. Kwanza iambie programu ukweli kuhusu data ilikotoka. Kisha ndipo uhifadhi nakala mpya kwenye mfumo unaoutaka, ili programu ifanye hesabu ya kubadilisha.

5. Kanda za UTM: mstari unaopita Dodoma

Katika miaka ya 1940 jeshi la Marekani lilihitaji ramani za dunia nzima zenye gridi ya mita. Dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, kwa hiyo wakaikata dunia katika vipande 60, kila kimoja nyuzi 6, kama unavyomenya chungwa. Huo ndio mfumo wa UTM. Katikati ya kila kanda palipewa namba 500,000 ili kusiwe na namba hasi. Kwa nchi za kusini, ikweta ilipewa namba 10,000,000 kwa sababu hiyohiyo.

Tanzania inaangukia kanda tatu. Kigoma mjini ipo kanda ya 35. Mwanza, Tabora, Mbeya, Iringa na Dodoma mjini zipo kanda ya 36. Arusha, Morogoro, Tanga, Dar es Salaam na Mtwara zipo kanda ya 37. Mpaka wa kanda 36 na 37 ni longitudo ya nyuzi 36, na unaukata mkoa wa Dodoma: mjini ni kanda ya 36, Kongwa na Mpwapwa ni kanda ya 37.

Watumishi wa mkoa huo wanapaswa kuwa makini zaidi, kwa sababu namba zilezile zinapatikana katika kila kanda. Shamba la Kongwa likiingizwa kama kanda ya 36 litatua zaidi ya kilomita 600 magharibi, upande wa Ziwa Tanganyika, na programu haitalalamika.

Kwenye programu mifumo hii ina namba za utambulisho. Ziandike mahali unapoziona:

- Arc 1960, kanda 35 kusini: 21035. WGS84, kanda 35 kusini: 32735.
- Arc 1960, kanda 36 kusini: 21036. WGS84, kanda 36 kusini: 32736.
- Arc 1960, kanda 37 kusini: 21037. WGS84, kanda 37 kusini: 32737.

6. Kompyuta inarithi mabishano ya zamani

Karibu mwaka 1960, Charles Miller wa chuo cha MIT nchini Marekani aliongoza utengenezaji wa programu iitwayo COGO. Kabla yake, mhandisi aliyetaka kompyuta imkokotolee kiwanja alihitaji mtu wa kumwandikia programu. COGO ilimwezesha kuandika amri fupi kwa lugha ya kazi yake: nukta hii, umbali huu, mwelekeo huu, nipe nukta ile. Programu za leo za usanifu wa barabara, mifereji na viwanja zimefuata njia hiyo. AutoCAD ilitoka mwaka 1982, na QGIS ilianza mwaka 2002.

Lakini programu hizi zilitengenezwa na watu wa mila mbili tofauti, na mila hizo hazikuwahi kukubaliana.

*Ipi itangulie?* Mwalimu wa hisabati alitufundisha X kwanza, kisha Y. AutoCAD inafuata hivyo: unaandika mashariki kwanza, kisha kaskazini. Wapimaji wengi huandika kaskazini kwanza. Faili za nukta zinazotoka kwenye vifaa vya upimaji mara nyingi zina mpangilio huu: namba ya nukta, kaskazini (N), mashariki (E), kimo, maelezo. Kwa Tanzania kuna njia rahisi ya kuzitofautisha: namba ya kaskazini ina tarakimu saba, ikianza na 8 au 9, na ya mashariki ina tarakimu sita. Wenzetu wa Uganda na Kenya, kaskazini mwa ikweta, wasiitegemee njia hii, kwa sababu huko hata namba ya kaskazini inaweza kuwa na tarakimu sita au pungufu.

*Pembe inaanzia wapi?* Mwanahisabati huanza mashariki na kuzunguka kinyume cha saa. Mpimaji huanza kaskazini, kama dira, na kuzunguka kisaa. AutoCAD ikiwa haijarekebishwa inafuata mwanahisabati. Ukiandika 90 ukitaka mstari uende mashariki, utakwenda kaskazini. Fungua amri ya UNITS, weka kaskazini kuwa mwanzo na chagua mzunguko wa kisaa, kabla ya kuingiza mwelekeo wowote.

*Nyuzi, dakika na sekunde.* Mgawanyo wa nyuzi kwa 60 tumeurithi kutoka Babeli ya kale, na kompyuta inapenda desimali. Nyuzi 6, dakika 10 na sekunde 30 ni 6.175, wala si 6.1030. Ukikosea hapo shamba linahama karibu kilomita 8. Mambo yanakuwa magumu zaidi kwa sababu vikokotoo na programu nyingi za upimaji zinataka hasa uandike 6.1030, zikielewa kuwa ni dakika 10 na sekunde 30. Soma maelekezo ya programu yako kwanza.

*Alama ya kutoa.* Sisi tupo kusini mwa ikweta, hivyo latitudo yetu ni hasi. Shamba la Dodoma lenye latitudo -6.175 na longitudo 35.74 likikosa alama ya kutoa linahamia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ukibadilishana nafasi za namba hizo mbili, linatumbukia bahari ya Atlantiki karibu na Tangier, Morocco. Makosa ya aina hiyo yana nafuu yake: ni makubwa mno, kila mtu anayaona.

7. Makosa ya hatari ni yale yasiyobadilisha ukubwa

Nawaomba mkae na jambo hili kuliko mengine yote. Watu wengi wakimaliza kuchora huangalia ekari. Zikilingana na hati, wanasema kazi imekwisha. Hiyo haitoshi, na sababu yake ni hii.

Ukibadilishana mashariki na kaskazini, umbo linageuka kama picha kwenye kioo, lakini ekari ni zilezile. Ukitumia pembe za mwanahisabati badala ya za mpimaji, umbo linageuka, ekari ni zilezile. Ukikosea datumu, shamba linahama mita 300, ekari ni zilezile. Ukikosea kanda, linahama mamia ya kilomita, na ekari bado ni zilezile.

Kinachobadilisha ukubwa ni kosa la kipimo, kama futi kwa mita. Hapo umbo ni sahihi ila ekari zinakataa. Kwa hiyo unahitaji kukagua mambo mawili tofauti: ukubwa, ili kujua kama kipimo ni sahihi, na mahali, ili kujua kama mfumo, kanda, mpangilio na pembe ni sahihi. Moja haliwezi kulijibia jingine.

Kwenye shamba la mstatili uliokaribia mraba, hata macho hayawezi kuona kuwa mchoro umegeuka. Ndipo mtu anapochimba mtaro wa mpaka upande usio wake akiwa na karatasi mkononi, na jirani naye amesimama na panga.

8. Utaratibu ninaoshauri

1. Soma karatasi ya zamani kabla ya kuwasha kompyuta. Tafuta mwaka, kipimo, jina la datumu, kanda, na mshale wa kaskazini. Yaandike yote pembeni. Kama karatasi haisemi, uliza ofisi iliyoitoa. Usibahatishe.

2. Weka mipangilio ya programu kufuata karatasi, si kufuata chaguo ambalo programu imekuja nalo.

3. Ingiza nukta moja tu kwanza, ambayo unaijua kwa macho: bikoni iliyopo ardhini, kona ya zahanati, njia panda. Ikikaa mahali pake juu ya picha ya setilaiti, endelea na nyingine. Ikikataa, simama hapohapo.

4. Pima upande mmoja wa shamba kwa utepe na ulinganishe na mchoro. Hilo linakagua kipimo.

5. Tembea na mchoro mkononi kuanzia kona ya kwanza hadi ya pili. Kama mchoro unasema uelekee mashariki na miguu inakwenda kaskazini, umegeuza kitu.

6. Hifadhi namba za awali bila kuzigusa. Ukibadilisha mfumo, tengeneza faili mpya na uandike jina la mfumo ndani ya jina la faili, kwa mfano "shamba_arc1960_37kusini".

7. Usidanganywe na desimali. Simu inaweza kuonyesha tarakimu sita baada ya nukta, ambazo ni kama sentimita 11, wakati yenyewe inakosea mita 5 mahali peupe, na zaidi chini ya miti. Koodineti za simu zinafaa kukadiria ukubwa wa shamba kwa ajili ya mbegu na mbolea. Hazifai kuamua mpaka.

Mpaka ni wa watu kabla ya kuwa wa namba

Wazee wetu hawakuwa na datumu, lakini hawakuishi bila mipaka. Kule Kilimanjaro walipanda masale. Kwingine walipanda minyaa, wakaacha mti mkubwa, au wakafuata korongo. Alama hizo zilikuwa na nguvu kwa sababu majirani wa pande zote walizikubali na watoto walionyeshwa. Hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoleta hati ya haki miliki ya kimila, imeacha ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji na watu wake.

Kwa hiyo siku ya kuchukua koodineti, majirani wote wawepo na watembee mpaka pamoja, kisha ndipo mtu abonyeze kitufe. Kama shamba lina bikoni za upimaji rasmi, usizisogeze hata kama simu yako inasema zipo pengine. Mara nyingi bikoni iko sahihi na simu inasoma datumu nyingine. Penye ubishi, mwiteni mpima ardhi aliyesajiliwa. Afisa ugani na simu yake hana mamlaka ya kuhukumu mpaka.

Namba peke yake haisemi kitu. Inaanza kusema pale tunapojua imepimwa kwa kipimo gani, kutoka wapi, na kuelekea wapi. Ukitaka kujua kama ulichoandika kinatosha, mpe karatasi yako mtu ambaye hajawahi kufika shambani. Kama ameweza kuijua kona ya kwanza bila kukupigia simu, basi hata mwanao atakayeirithi ataijua.